Neno la Katikati: Muziki wa Chini kwa Chini wa Budapest

Oktoba 2025, Tuzo ya Nobel ya Fasihi ilipokwenda kwa László Krasznahorkai wa Hungaria, wapenzi wa vitabu walikimbilia riwaya yake ya kwanza, Sátántangó, iliyotoka mwaka 1985. Sisi wavivu tulikimbilia filamu. Béla Tarr aliitoa mwaka 1994, nyeusi na nyeupe, na inachukua zaidi ya saa saba. Ndani yake kuna tapeli anayeitwa Irimiás, mtu wa maneno matamu anayerudi kijijini na kuwanyang'anya watu hela zao huku wakimshukuru. Anayemwigiza Irimiás ndiye pia aliyetunga muziki wa filamu hiyo. Anaitwa Mihály Víg. Ukimfuata Víg nyuma kidogo, unamkuta Budapest mwaka 1979 akianzisha bendi iitwayo Balaton, bendi ambayo katika miaka yote ya 80 watu waliijua kwa kaseti na shoo, si kwa santuri za dukani.

Hapo ndipo nilipoanza kuchimba. Kihungaria nakijua maneno machache tu, na karibu yote ni majina ya bendi. Lakini rekodi zipo. Ni nyimbo zilizonaswa kwa kinasa sauti katikati ya umati: mtu anakohoa, chupa inaanguka, gitaa linasikika kwa mbali kana kwamba linapigwa kwa jirani. Zimehamishwa kutoka kaseti hadi kaseti, kisha hadi kwenye intaneti, na zimenifikia kwenye simu hapa Nairobi zikiwa na vumbi lake bado. Nilitaka kujua mambo mawili. Kama serikali ya kikomunisti haikuwapenda hawa wasee, mbona haikuwafunga tu? Na kama haikuwafunga, mbona hawakuwa na santuri?

Jibu limo katika maneno matatu.

Mtu aliyesimamia utamaduni wa Hungaria kwa niaba ya chama tawala, tangu mwisho wa miaka ya 50 hadi katikati ya miaka ya 80, aliitwa György Aczél. Chini yake kila kitabu, filamu, mchoro na wimbo uliwekwa kwenye fungu moja kati ya matatu, na kwa Kihungaria yote yanaanza na herufi T: támogatott, tűrt, tiltott. Kusaidiwa, kuvumiliwa, kukatazwa. Kwetu tungeziita K tatu, ingawa hilo si ajabu kubwa kwa lugha ambayo kila kitenzi huanza na ku-.

Mpango huu ulizaliwa na hofu. Novemba 1956 vifaru vya Kisovieti viliponda uasi wa Wahungaria. Watu karibu 200,000 waliikimbia nchi, na Imre Nagy, waziri mkuu wa siku zile za uasi, akanyongwa Juni 1958. János Kádár, aliyewekwa na Moscow, akabaki na nchi iliyonyamaza kwa hasira. Baada ya miaka ya kwanza ya ukatili alibadilisha mbinu: asiye dhidi yetu tumhesabu yuko nasi. Wewe usiguse siasa, nasi hatutagusa sufuria yako. Maduka yakawa na nyama, watu wakapata vijinyumba vyao vya likizo, na Hungaria ikaanza kuitwa kambi yenye furaha kuliko kambi zote za upande ule wa Ulaya.

Muziki uliingia kwenye makubaliano hayo. Miaka ya 60 vijana walipagawa na magitaa kama wenzao wa London, na serikali ikaamua ni afadhali wapagawe chini ya uangalizi. Bendi kubwa kama Illés na Omega zilirekodiwa, zikapigwa redioni, zikaruhusiwa kusafiri. Lakini kamba haikuwa ndefu. Mwaka 1970 Illés walikwenda Uingereza na wakaongea kwa uwazi kidogo mbele ya BBC kuhusu hali ya nyumbani. Waliporudi walizuiwa kupiga Budapest kwa mwaka mzima. Hawakupelekwa jela. Walihamishwa fungu, basi.

Sasa fikiria unataka kuanzisha bendi Budapest mwaka 1980. Kampuni ya santuri ilikuwa moja nchi nzima, mali ya serikali. Upande wa muziki wa pop bosi alikuwa Péter Erdős, mtu aliyeibeba Neoton Família, bendi ya disko iliyouzwa hadi Ujapani, na ambaye neno lake lilitosha kukufungulia studio au kukufungia. Ulipwe kwenye shoo? Unahitaji leseni, na leseni inapitia kwenye kamati ya mitihani. Uchapishe matangazo? Mashine za kunakili zinalindwa kama silaha. Halafu kuna sheria iliyonikalisha chini nilipoisoma: kukwepa kazi lilikuwa kosa la jinai. Mtu mwenye nguvu zake alitakiwa awe na mwajiri, na mwajiri huyo aonekane kwenye kitabu chake cha kazi, la sivyo polisi wakimsimamisha barabarani ana kesi ya kujibu. Wanamuziki na washairi wakatafuta kazi za kuwasha tanuri za majengo na za ulinzi wa usiku, ili muhuri uwepo na mchana ubaki wao. Mimi niliyeacha chuo katikati, ninayeishi kwa makala ya hapa na pale na malipo yanayokuja yakijisikia, ningekuwa mhalifu mwenye faili.

Kwa hiyo fungu la kwanza lilikuwa na bajeti, na la tatu lilikuwa na mahakama. Fungu la katikati lilikuwa na chumba kidogo, jioni moja, na mtu wa kulinda mlango asiyejua kama kesho ataambiwa aufunge.

Wa kwanza kuingia humo kwa kelele walikuwa Spions, kikundi cha panki cha mwaka 1977 na 1978 kilichoongozwa na Gergely Molnár. Walipiga shoo chache mno, kisha vinara wakaondoka kwenda Paris. Waliobaki wakaanza upya. Mwaka 1980 ikazaliwa URH, na hapa lazima nisimame kwenye jina. Kirefu chake walisema ni Ultra Rock Hírügynökség, shirika la habari la roki. Lakini kila Mhungaria alizijua herufi hizo tatu: ndizo zilizotumika kwa magari ya polisi wa doria yenye redio za mawimbi mafupi mno. Yaani vijana walipanda jukwaani wakijiita gari la polisi.

URH haikumaliza hata miaka miwili. Mwaka 1981 iligawanyika, na watu wake wakaendelea katika bendi mbili ambazo hadi leo Wahungaria wanabishana ipi ilikuwa kali zaidi. Moja ni Kontroll Csoport, Kikundi cha Udhibiti, ya Péter Müller, Ágnes Bárdos Deák na wenzao. Nyingine ni Európa Kiadó ya Jenő Menyhárt, jina lililochukuliwa kutoka kwa shirika kubwa la uchapishaji vitabu la serikali. Kando yao kulikuwa na Trabant, jina la kile kigari cha Ujerumani Mashariki ambacho watu walikisubiri kwa miaka. Kulikuwa na Balaton ya Víg, jina la ziwa ambako taifa zima lilikwenda likizo; hata leo ukilitafuta mtandaoni unaletewa hoteli kwanza. Na mji mdogo wa Szentendre, kaskazini ya Budapest, ulitoa kundi la wachoraji wasiojua kupiga ala vizuri, wakajiita Bizottság, yaani Kamati.

Angalia mtindo huo. Polisi, udhibiti, shirika la uchapishaji, gari la foleni, ziwa la likizo, kamati. Hakuna jina hata moja la kutukana serikali. Ni maneno ya serikali yenyewe, yamebebwa kutoka ofisini na kuwekwa jukwaani chini ya taa mbaya. Afisa akiuliza mnamaanisha nini, jibu lipo tayari: hatumaanishi kitu, ni jina tu. Neno la katikati lilifundisha watu kuongea hivyo, na nadhani ndiyo sababu muziki ule haukuchakaa. Mtu aliyekatazwa kabisa hana haja ya mafumbo, anapiga kelele. Anayesaidiwa hana haja pia, anaimba anachopewa. Anayevumiliwa ndiye anayelazimika kupima kila neno, na kupima kila neno ndiyo kazi yenyewe ya mshairi.

Ukitaka kuona mafungu yote matatu kwa wakati mmoja, tazama 1983.

Agosti mwaka huo, kwenye bustani kubwa ya Budapest, ilifunguliwa opera ya roki iitwayo István, a király, kuhusu Mfalme Stefano aliyeiingiza nchi kwenye Ukristo miaka elfu moja iliyopita, na ndugu yake Koppány aliyepinga na kuuawa. Watunzi wake, Levente Szörényi na János Bródy, ni walewale wa Illés walioadhibiwa mwaka 1970. Sasa walikuwa na jukwaa, mitambo na ruhusa. Watazamaji waliosoma kati ya mistari walimwona Kádár kwa mfalme, na wafu wa 1956 kwa Koppány. Serikali iliweza kuishi na tafsiri hiyo, maana mwisho wa hadithi mfalme ana haki.

Kipindi hichohicho, mji wa Szeged kusini mwa nchi ulikuwa na bendi ya panki iitwayo CPg. Hawa hawakutumia mafumbo. Walikitukana chama na wakuu wake kwa jina. Waliishia mahakamani, kisha jela, kwa sababu ya maneno ya nyimbo zao.

Na katikati? Kontroll Csoport walivunjika mwaka huohuo wa 1983. Waimbaji watatu, umati unaojaa hadi ngazi za nje, na hawakuwa wametoa santuri hata moja. Shoo yao iliyorekodiwa kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa kiwanda cha mabasi cha Ikarus iliishi kwenye kaseti miaka yote hiyo, hadi ukomunisti ulipoanguka ndipo ikauzwa dukani. Bizottság nao, kwa bahati ambayo wengine hawakuipata, waliruhusiwa kurekodi. Santuri yao Kalandra fel!! ilitoka 1983 kwa kampuni ya taifa. Ila jina lilikuwa tatizo, kwani chama nacho kilikuwa na Kamati yake Kuu. Dawa ikapatikana: wakaongezewa Albert Einstein mbele. Wakawa A. E. Bizottság. Kamati ya Einstein haimtishi mtu.

Swali linalonisumbua ni hili: je, kuvumiliwa ni uhuru mdogo, au ni adhabu isiyo na hukumu? CPg walipata jela, na jela ni kitu kibaya sana, sitaki kukirembesha. Lakini kifungo kina tarehe, na watu wa nje wanaweza kukupigia kelele. Kontroll hawakuwa na kesi wala wakili, na hakuna aliyeandamana kwa ajili yao, maana hakukuwa na tukio la kuandamania. Simu tu haikupigwa. Tarehe ya studio haikutajwa. Bendi inachoka, watu wanaoa, wanahama, wanaanza kunywa zaidi. Jenő Menyhárt aliiweka Európa Kiadó hai muda mrefu kuliko wengi, na santuri yao ya kwanza, Popzene, ilitoka 1987, miaka sita baada ya bendi kuanza. Miaka sita kwa bendi ya vijana ni ujana wote.

Ilivyodumu bila santuri ni hesabu rahisi ya watu. Vyumba vilikuwepo: klabu za vyuo, kumbi za utamaduni za viwanda, Klabu ya Wasanii Vijana ambayo kisheria ilikuwa chini ya umoja wa vijana wa chama. Matangazo yalichorwa kwa mkono na wachoraji waliokuwa marafiki wa bendi, na leo yanatundikwa kwenye maonyesho kama sanaa. Mwenye kinasa sauti alirekodi, mwenye vinasa viwili alinakili. Wakurugenzi wa filamu walikuwa kwenye vyumba vilevile: János Xantus aliwaweka Trabant kwenye filamu yake Eszkimó asszony fázik ya mwaka 1984, na Gábor Bódy akawaweka Bizottság na Vágtázó Halottkémek kwenye Kutya éji dala ya 1983. Hao wa mwisho, ambao jina lao ni kama kusema wachunguza-maiti wanaokwenda mbio, waliongozwa na Attila Grandpierre, mwanaastronomia halisi, mtafiti wa Jua. Walianza 1975. Albamu yao ya kwanza ilitoka Ujerumani Magharibi mwaka 1988, miaka kumi na mitatu baadaye, na baadaye wakachukuliwa na Alternative Tentacles, lebo ya Jello Biafra kule Marekani.

Lakini vyumbani humo kulikuwa pia na sikio lingine. Baada ya 1990 faili za polisi wa siri zilianza kusomeka, na mwaka 2005 mwandishi Tamás Szőnyei alichapisha kitabu kinene kuhusu jinsi idara hiyo ilivyofuatilia roki kwa miaka thelathini. Kinaitwa Nyilván tartottak. Jina hilo linaweza kusomeka kama "waliwaweka kwenye rejista" na pia kama "ni wazi waliogopa". Ilibainika kwamba ripoti nyingi ziliandikwa na watu wa ndani: wanamuziki, waandaaji, marafiki. Gábor Bódy mwenyewe, aliyekufa 1985, ilikuja kujulikana kwamba aliwahi kuwa mpasha habari. Kwenye filamu yake ile ya 1983 anaigiza padri, na padri huyo ni wa uongo.

Na sasa rudi kwa Irimiás. Sikukwambia jambo moja kuhusu tapeli wa Sátántangó: anafanya kazi na polisi. Karibu na mwisho wa filamu, maafisa wawili wanakaa ofisini wakisoma ripoti aliyoandika kuhusu wanakijiji, wanasahihisha lugha yake ya matusi sentensi baada ya sentensi, kisha wanakwenda nyumbani. Tarr alimpa nafasi hiyo mtu aliyetumia ujana wake kwenye vyumba ambamo ripoti kama hizo zilikuwa zikiandikwa kweli. Nilipoliona hilo niliirudia sehemu ile yote, dakika kwa dakika.

Mwisho wa miaka ya 80 neno la katikati lilianza kulegea. Mwaka 1988 klabu ya Fekete Lyuk, Shimo Jeusi, ilifunguliwa kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa kiwanda cha treni cha Ganz-MÁVAG, mtaa wa watu wa kipato kidogo, na mapanki, wavaa ngozi na wanafunzi wakabanana humo. Tarehe 16 Juni 1989 Imre Nagy alizikwa upya kwa heshima mbele ya umati mkubwa, na kijana wa miaka 26 aitwaye Viktor Orbán akapanda jukwaani kutaka majeshi ya Kisovieti yaondoke. Mwaka 1990 watu wakapiga kura.

Hapo ungetarajia sherehe. Kwa bendi nyingi za zamani haikuwa hivyo. Adui waliyemzoea, yule wa kupimia maneno, aliondoka na funguo za ukumbi. Viwanda vilifungwa, na kumbi za viwanda zikafuata. Kampuni za kimataifa za muziki ziliingia na vitabu vya hesabu. Menyhárt akaenda New York. Tamás Pajor wa bendi ya Neurotic alikuwa ameokoka tayari, na safari yake kutoka dawa za kulevya hadi kanisani ilikuwa imerekodiwa na Xantus kwenye filamu ya 1988.

Ila wengine walichukua neno la tatu na kulifanya jina. Baa na klabu ya Tilos az Á iliwahifadhi wanamuziki na wanafunzi wa Budapest mwanzoni mwa miaka ya 90. Jina lake limetoka kwenye tafsiri ya Kihungaria ya Winnie-the-Pooh, na tilos maana yake ni marufuku. Agosti 1991 vijana wakarusha matangazo ya redio bila leseni, wakijiita Tilos Rádió. Serikali mpya ilikuwa ya kidemokrasia, lakini masafa yalikuwa bado yamefungwa, kwa hiyo wakatangaza kama maharamia hadi walipopata leseni katikati ya muongo.

Na mwaka 1993 Péter Müller, yuleyule wa URH na Kontroll, ambaye sasa aliongeza jina la bendi yake Sziámi kwenye jina lake, aliungana na Károly Gerendai kuandaa wiki ya muziki kwenye kisiwa cha Hajógyári katika mto Danube. Walikiita Kisiwa cha Wanafunzi. Kisiwa chenyewe kilikuwa na historia: mwaka 1980 Beatrice ya Feró Nagy, Hobo Blues Band na P. Mobil walipiga hapohapo shoo iliyoitwa ya kondoo weusi, kwa vijana ambao redio haikutaka kuwajua. Tamasha la 1993 liliingia hasara na kubaki na madeni. Miaka mitatu baadaye lilikuwa linaitwa Pepsi Sziget, na likabaki na jina hilo hadi 2001. Sitamcheka Müller kwa hilo. Alikuwa na madeni.

Kizazi kilichofuata hakikutoka Budapest. Kispál és a Borz, Kispál na Mnyama Nyegere ukipenda, walianza 1987 Pécs, mji wa chuo kusini. András Lovasi aliandika mashairi ya ajabu kuhusu vitu vya kawaida, kitanda, meza, televisheni, na kwa muda bendi ilitumia mashine ya kupiga ngoma. Hawakuwa na kamati ya kukwepa, lakini waliirithi ile tabia ya kusema jambo kwa pembeni. Quimby walitoka Dunaújváros, mji wa kiwanda cha chuma uliojengwa miaka ya 50 na kupewa jina la Stalin kwanza. Muziki huu ukapata jina la mtaani, alter. Mwaka 2003 meli kuukuu ya mizigo kutoka Ukraine ilifungwa ukingoni mwa Danube ikawa ukumbi, A38. Mwaka 2007 redio ya taifa Petőfi ilibadilishwa iwe ya vijana, na ghafla alter ikawa inapigwa mchana kweupe na serikali. Bendi ya muziki wa asili, Csík, ilipopiga upya nyimbo za Kispál na Quimby mwaka 2008, zikafika kwa mabibi na mababu wasiowahi kukanyaga klabu. Mwaka 2010 Lovasi alipewa Tuzo ya Kossuth, nishani kubwa ya utamaduni ya taifa, na Agosti ya mwaka huo bendi ikaaga kwenye kisiwa kilekile.

Kuna jambo la lugha hapa linalonigusa mimi ninayeandika haya kwa Kiswahili. Miaka ya 2000 bendi nyingi za indi za Budapest, kama Amber Smith na The Moog, ziliimba Kiingereza. Hesabu yao ilikuwa wazi: Wahungaria ni karibu milioni kumi tu nchini, na lugha yao haifanani na ya jirani yeyote. Lakini waliodumu vichwani mwa watu, kwa sehemu kubwa, ni walioimba Kihungaria. Platon Karataev walianza kwa Kiingereza, wakapata mashabiki nje, halafu mwaka 2022 wakatoa albamu nzima kwa lugha ya nyumbani. Carson Coma, vijana walioanza 2018, wanajaza viwanja kwa Kihungaria. Soko la nje ni kama yule Erdős wa zamani. Linaweza kukupigia simu, na linaweza lisipige.

Serikali nayo imerudi mezani. Tangu 2014 kuna mpango wa fedha za umma uliopewa jina la mwimbaji Tamás Cseh, ambao baadaye ulibadilishwa jina, unaosaidia bendi changa kurekodi na kupata walezi. Bendi nyingi nzuri zimepita humo, na mimi ningeomba pia, sidanganyi. Lakini támogatott ni neno la zamani, na kila Mhungaria wa umri fulani anajua linakaa jirani na maneno gani.

Julai 2025 serikali ya Viktor Orbán, yule kijana wa jukwaa la 1989, iliwapiga marufuku Kneecap, kundi la rapu la Ireland lililokuwa kwenye ratiba ya Sziget, wasiingie nchini kwa miaka mitatu. Serikali ilisema ni kwa sababu ya chuki dhidi ya Wayahudi na kuunga mkono ugaidi, kundi lilikana, waandaaji walisema hawakubaliani na marufuku hiyo. Unaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu Kneecap. Mimi niliangalia ramani tu: ni kisiwa cha kondoo weusi, ni kisiwa cha Müller.

Tilos Rádió bado iko hewani, 90.3 FM, na mtandaoni kwa sisi wa mbali. Watangazaji wake hujitolea, na bili zinalipwa zaidi na wasikilizaji wenyewe. Usiku mwingine naiweka nikiandika. Sielewi wanachosema, ila mara moja moja napata jina ninalolijua: Kontroll, Európa, Balaton. Halafu wimbo unaanza, na kabla ya gitaa unasikia ule mkwaruzo wa kaseti, na mtu fulani ndani ya chumba cha mwaka 1982 anakohoa.